VUMBI LA MAWE NA KOVU LA PAFU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu



Kila mmoja wetu ana kovu mahali fulani mwilini. Mwingine alilipata kwa panga akikata miwa, mwingine kwa sufuria ya uji, mwingine kwa kuanguka na baiskeli. Kovu la goti halitusumbui. Ngozi ya pale ni ngumu kidogo, haina vinyweleo, wala haivutiki kama ngozi nyingine, lakini twatembea na twacheza mpira kama kawaida. Sasa fikiria, kovu kama hilo likitokea ndani ya pafu itakuwaje? Na si kovu moja, bali mia, au elfu?

Hilo ndilo somo langu. Nimelichagua kwa sababu shule yetu iko katika kaunti ya Migori, mahali ambapo dhahabu huchimbwa, na dhahabu yetu imejificha ndani ya jiwe. Ili kuipata ni lazima jiwe livunjwe, litwangwe, kisha lisagwe liwe unga. Wengi katika madarasa yetu wana mzazi, kaka au dada anayefanya kazi hiyo. Tena wengine wetu, tusifichane, huifanya wenyewe siku za Jumamosi na wakati wa likizo ili wapate pesa za chakula cha mchana na za sare. Siandiki ili kumcheka mtu. Naandika kwa sababu unga ule wa mawe una deni, na deni lenyewe hudaiwa baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshasahau kwamba alikopa.

PAFU LENYEWE

Tuanze na yale tuliyosoma katika somo la Bayolojia. Hewa huingia puani, hupita kooni, huteremka katika bomba kubwa la hewa, kisha bomba hilo hugawanyika mara mbili, moja kwenda pafu la kulia na jingine la kushoto. Kila bomba hugawanyika tena na tena kama matawi ya mti, hadi mwisho kabisa ambapo kuna vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo ni vingi ajabu. Mtu mzima ana takriban milioni 300 au zaidi. Kama ungevikunjua vyote na kuvitandaza chini, vingefunika kiasi cha meta mraba 70, yaani sakafu ya darasa letu nzima na kipande cha varanda.

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba sana. Haufiki hata mikromita moja, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kulinganisha, unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70. Wembamba huo una kazi yake. Oksijeni hupenya ukutani na kuingia katika damu, na kabonidayoksaidi hutoka katika damu na kurudi nje. Tena ukuta huo huvutika. Ukivuta pumzi, kifuko hutanuka. Ukitoa, hurudi kama mpira wa manati.

Kwa hiyo kumbuka sifa mbili za pafu zima: ni jembamba na linavutika. Na sifa za kovu je? Ni nene na halivutiki. Ukielewa maneno haya mawili umeshaelewa nusu ya ugonjwa.

KOVU HUTOKEAJE?

Mwili wetu si mjinga. Una walinzi wengi wa njia ya hewa. Vinyweleo vya pua hukamata vumbi kubwa. Ute wa kwenye mabomba hunasa vumbi la kadiri, na vinyweleo vidogo vidogo huusukuma ute huo juu hadi tuuteme au tuumeze. Ndiyo sababu ukitembea katika barabara ya vumbi hutoa kamasi nyekundu jioni, na kesho yake unaamka mzima.

Lakini vumbi lililo dogo kuliko mikromita 10, hasa lile lisilofika mikromita 5, huwapita walinzi hao wote na kufika katika vifuko. Vumbi hilo hulioni kwa macho. Lile unaloliona likikurukia usoni si hatari zaidi. Hatari zaidi ni lile usiloliona, ambalo hubaki likielea hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, wakati watu wameketi palepale wakinywa chai na mandazi.

Ndani ya vifuko kuna mlinzi wa mwisho, seli ambayo kazi yake ni kumeza uchafu. Ikikutana na kijidudu humeza na kukisaga. Ikikutana na chembe ya udongo wa kawaida huibeba na kuiondoa. Lakini mawe yetu ya dhahabu mara nyingi ni kwatsi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama sukari guru iliyovunjwa. Kwatsi ni silika tupu. Seli ikimeza chembe ya silika, haiwezi kuisaga. Badala yake silika huidhuru seli ile mpaka inakufa. Ikifa, hupasuka, na chembe inatoka nje vilevile ilivyoingia. Mlinzi mwingine anakuja, anaimeza, naye anakufa. Wa tatu pia. Kila anayekufa hutoa kemikali za kuita msaada, pafu linavimba, na mwili unadhani kuna kidonda. Basi mwili unafanya kile ambacho hufanya kila penye kidonda: unaleta kolajeni na kujenga kovu.

Goti likipona, kazi ya kujenga kovu huisha. Kwenye pafu haiishi, kwa sababu chembe bado imo. Makovu madogo ya mviringo hujitokeza hapa na pale, hasa sehemu za juu za mapafu, kisha mengine huungana yakawa vinundu vikubwa. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi ile, maana ameondoka na vumbi lake kifuani.

Tupige hesabu kidogo. Mtu aliyetulia huvuta pumzi kama mara 15 kwa dakika, nusu lita kila mara. Kwa saa 8 atakuwa amevuta mara 7,200, yaani lita 3,600 za hewa. Huyo ametulia. Anayetwanga jiwe kwa nyundo huhema zaidi ya hapo mara kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi jirani ya Tanzania uliikuta silika katika hewa ya chini ya shimo ikiwa zaidi ya mara 200 ya kiwango kinachopendekezwa. Mawe ya huko na mawe ya huku ni ndugu.

SI VUMBI LA MAWE PEKE YAKE

Nisije nikawapotosha. Makovu ya mapafu yana vyanzo vingi. Asbesto, iliyokuwa ikitumika kuezekea nyumba, ina nyuzi ambazo huleta makovu. Kuvu wa nyasi na nafaka zilizooza, na vumbi la kinyesi cha ndege, huweza kuyaleta kwa watu ambao miili yao hushtuka haraka. Baadhi ya dawa, na ugonjwa wa baridi yabisi wa aina fulani, huyaleta pia. Kifua kikuu chenyewe huacha makovu kikipona. Na kuna aina moja ambayo huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, ambayo madaktari wametafuta chanzo chake wasikione. Ugonjwa wote huo wa makovu kwa jina la jumla huitwa faibrosisi ya mapafu. Vyanzo ni tofauti, lakini matokeo yanafanana: pafu linakuwa gumu, na hewa haipenyi.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu ni mnyemelezi. Kwa kawaida silikosisi hutokea baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa jingi, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Na likiwa jingi kupita kiasi, hata miezi au miaka michache tu yatosha. Dalili ni hizi:

1. Kikohozi kikavu kisichoisha.
2. Kukosa pumzi, kwanza mtu akipanda mlima, baadaye akitembea tambarare, mwisho akiwa amekaa tu.
3. Uchovu usio na sababu.
4. Kupungua uzito.
5. Kifua kubana.

Watu wengi huizoea dalili ya pili bila kujua. Mtu hupunguza mwendo kidogo kidogo. Zamani alibeba mitungi miwili ya maji, sasa anabeba mmoja. Zamani alikwenda sokoni kwa miguu, sasa anapanda boda boda. Ukimwuliza atakwambia, "Ni uzee tu." Kumbe ana miaka 38!

KIFUA KIKUU AU VUMBI?

Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Jirani yetu mmoja alifanya kazi ya kusaga mawe tangu alipoacha shule. Alipoanza kukohoa alikwenda kituo cha afya, akapewa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6. Akamaliza zote. Kikohozi kikapungua kidogo, kisha kikarudi. Mwaka uliofuata akaanzishiwa tena, ingawa safari hii makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni ukimwi anaoficha. Wengine wakasema amerogwa na wenzake wa shimoni kwa ajili ya dhahabu. Watoto wake wakawa hawapewi vikombe katika nyumba za watu.

Siku moja alikutana na afisa wa kliniki, mama mmoja mtaratibu, ambaye kabla ya kumwandikia chochote alimwuliza, "Baba, tangu ujana wako umefanya kazi gani?"

Akajibu, "Nasaga mawe, daktari."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kama kumi na minne."

"Kwa maji au makavu?"

"Makavu, daktari. Yakiwa na maji hayapiti kwenye chekeche."

Yule mama akamtuma kupiga eksirei. Mapafu yake yalikuwa yamejaa madoa meupe kama mtu aliyemwaga mtama juu ya kitambaa cheusi. Hapo ndipo alipojua jina la ugonjwa wake. Mimi mwenyewe nilimsikia akisema kwamba hakuponywa siku ile, lakini alipumzika moyoni, maana alijua si uchawi.

Swali lile, "Umefanya kazi gani?", lina historia. Mwaka 1700 daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari wenzake kwamba pamoja na maswali yao yote ya kawaida waongeze hilo moja: kazi yako ni gani? Zaidi ya miaka 300 imepita na bado swali hilo ni dawa. Daktari asipokuuliza, mwambie wewe. Kusema "Mimi hufanya kazi kwenye vumbi la mawe" hakugharimu hata senti.

Lakini jihadhari na kosa la upande wa pili. Usiseme, "Ah, hiki ni kikohozi cha vumbi tu," ukakaa nyumbani. Mtu mwenye silika mapafuni huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, kwa sababu wale walinzi wake wamekufa. Anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Tena yote mawili hupenda sehemu za juu za mapafu, ndiyo maana katika eksirei yanafanana kama pacha. Kwa hivyo kikohozi kinachopita wiki mbili kipimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kifua kikuu kina dawa na hupona. Kovu la silika halina dawa ya kulifuta. Ni vibaya kumnyima mtu dawa ya ugonjwa unaopona kwa kuudhania ule usiopona, na ni vibaya vilevile kumpa dawa za ugonjwa asio nao mwaka baada ya mwaka.

Vipimo vingine ni kupuliza katika mashine inayopima kiasi cha hewa mapafuni, na kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Mtu mzima mwenye afya husoma kati ya 95 na 100 kwa mia.

KUISHI NA MAKOVU

Je, mwenye makovu ndiyo basi? Hapana. Kovu halifutiki, lakini pafu lililobaki linaweza kutunzwa. Kuna dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2014 kwa ile aina isiyojulikana chanzo. Hupunguza kasi ya makovu, haziyaondoi, na bei yake si mchezo. Wachache duniani hubadilishiwa mapafu kwa upasuaji. Lakini yapo mengi yaliyo karibu nasi:

Kwanza, aache vumbi. Hili ni la kwanza na halina mbadala. Kuendelea na kazi ileile ni kuongeza chumvi katika chakula kilichokwisha kuharibika kwa chumvi.

Pili, aache sigara, na akae mbali na moshi. Nyumbani asiketi katika jiko la kuni lisilo na dirisha.

Tatu, apimwe kifua kikuu mara kwa mara, hata kama hana homa. Na aulize hospitalini kuhusu chanjo za mafua makali na nimonia, kwa maana ugonjwa ambao kwako ni mafua ya siku tatu, kwake unaweza kuwa wa kumlaza.

Nne, afanye mazoezi. Wengi hudhani mgonjwa wa mapafu akae tu kitini. La! Misuli isiyotumika huhitaji oksijeni zaidi kwa kazi ileile. Atembee kila siku kwa kadiri yake, apumzike, aendelee tena.

Tano, ajifunze kupumua. Avute hewa kwa pua akihesabu moja, mbili. Kisha akunje midomo kama anayepuliza uji wa moto, atoe polepole akihesabu moja hadi nne. Njia hii humsaidia anapohema na humtoa hofu. Hofu yenyewe hula pumzi.

Sita, apange kazi zake. Aoge akiwa ameketi. Maji yawekwe juu ya stuli ili asiiname. Ale kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa, kwa sababu tumbo likijaa hukisukuma kifua.

Saba, oksijeni ikishuka sana, daktari anaweza kumwandikia oksijeni ya kutumia nyumbani. Kukicha midomo imekuwa ya bluu, au akatema damu, au akapata maumivu ya ghafla ya kifua, asingoje asubuhi ya pili. Apelekwe hospitali.

Na nane, ambalo ni letu sisi: asitengwe. Silikosisi haiambukizi. Mtoto wake hana kosa. Mpe kikombe.

DUNIA IMEJIFUNZA KWA UCHUNGU

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia huko Marekani, handaki la Hawks Nest lilichimbwa katikati ya mlima wenye silika nyingi. Wafanyakazi, wengi wao Waamerika Weusi waliokuwa wakitafuta riziki katika miaka ya njaa, walitoboa mwamba mkavu, bila maji, ili kazi iende haraka. Bunge la nchi hiyo lilipolichunguza jambo hilo mwaka 1936, hesabu ya waliokufa iliyotajwa ilikuwa 476. Wachunguzi wa baadaye walikadiria zaidi ya 700.

Afrika Kusini, dhahabu ilitolewa katika mwamba wa kwatsi kama wetu, na wachimbaji walitoka pia Lesotho, Msumbiji na kwingineko. Wengi walirudi makwao na kikohozi. Mwaka 2018 kampuni kadhaa za dhahabu zilikubali kulipa fidia ya kiasi cha randi bilioni 5, na mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha mapatano hayo mwaka 2019. Fikirini wenzangu: wengine walikuwa wameshafariki kabla ya shilingi ya kwanza.

Na Australia, vijana waliokata mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni walianza kuugua wakiwa wabichi kabisa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 nchi hiyo imeyapiga marufuku mawe hayo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliweka mpango mwaka 1995 wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo hauko mbali.

KINGA

Adui wa vumbi ni maji. Jiwe likimwagiwa maji kabla ya kuvunjwa na wakati wa kusagwa, vumbi hulala chini badala ya kuruka. Najua mtaniambia, kama alivyosema jirani yetu, kwamba unga mbichi haupiti kwenye chekeche, na kwamba mtungi wa maji hununuliwa. Ni kweli. Lakini zipo mashine za kusagia kwa maji, na kikundi chaweza kuchanga ikanunuliwa moja. Pale isipowezekana, basi angalau haya yafanyike:

1. Mashine iwekwe nje mahali penye upepo, na watu wakae upande ambao upepo unatoka, si ule unaokwenda.
2. Leso na fulana iliyofungwa puani haizuii silika. Vumbi lile hupita katika matundu ya kitambaa na pembeni mwa mashavu. Barakoa ifaayo ni ile ya N95, iliyobana uso vizuri.
3. Msifagie pakavu. Nyunyizeni maji kwanza.
4. Chakula kisiliwe pale pale penye vumbi.
5. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Ziloweshwe kwanza, na zifuliwe peke yake.
6. Watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kutwanga na kuchekecha. Pafu la mtoto ni dogo, na vumbi halichagui umri.

Tukumbuke kwamba barakoa ni ya mwisho katika orodha ya ulinzi, si ya kwanza. Bora vumbi lisiruke kuliko lirukie kitambaa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto katika machimbo ya wazi, na vilevile katika mashimo ya chini ya ardhi. Na mtoto kwa mujibu wa sheria hiyo ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Nina miaka 16, na wengi wenu mna umri huo au pungufu. Kwa hiyo anayetupa nyundo na kutulipa jioni ndiye anayevunja sheria, wala si sisi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea njia ya kupata vibali. Mchimbaji mwenye kibali anaweza kusimama mbele ya ofisi akadai haki yake. Asiye nacho huogopa hata kusema anaumwa.

NENO LA MWISHO

Mwezi wa Disemba unakaribia, na nimesikia darasani watu wakipanga nani ataenda kusaga na nani atachekecha. Sina pesa za kuwapa mbadala, na najua kwamba mtu hatwangi mawe kwa kupenda. Lakini nawaomba mambo matatu. Mwenye nafasi ya kupata kibarua kingine, hata kama kinalipa kidogo, kama kupalilia au kuchota maji, akichukue. Atakayekosa, akae mbali na mashine na chekeche, maana hapo ndipo vumbi lilipo jingi. Na sote, tukirudi nyumbani, tumwulize yule anayekohoa: umeshapimwa makohozi, na je, ulimwambia daktari kazi unayofanya?

Walimu wetu nawaomba jambo moja. Chama chetu huigiza mchezo kila siku ya wazazi. Mwaka huu mchezo uwe juu ya vumbi. Wazazi wengi hawatasoma makala hii, lakini wote watakuja kututazama.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja sifa mbili za ukuta wa kifuko cha hewa, na ueleze kovu huziharibu vipi.
2. Kwa nini vumbi lisiloonekana ni hatari kuliko linaloonekana?
3. "Kikohozi hiki ni cha vumbi tu, sihitaji kupimwa." Mjibu msemaji huyu kwa hoja mbili.
4. Kikundi cha watu kumi kinataka kusaga kwa maji lakini mtungi mmoja wa maji hununuliwa. Pigeni hesabu ya gharama kwa wiki katika kijiji chenu, mkigawanya kwa watu kumi, na mjadili kama inawezekana.
5. Tunga mazungumzo mafupi kati ya daktari na mgonjwa, ukitumia maneno haya: kovu, makohozi, eksirei, chekeche, pumzi.